Wauza kamera za mkanda, acheni kutuambia "FM2 ni FM ileile, toleo jipya tu"

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Wiki ya pili sasa nimekaa na hasira hii, leo naitoa.

Nina kistudio mtaa wa Mwanga. Paspoti na harusi napiga kwa dijitali kama wengine, ila Jumapili ni siku yangu ya mkanda. Lenzi yangu ni 50mm aliyoniachia baba mdogo, ya kabla ya 1977, ile yenye kichuma kama masikio ya sungura juu ya pete ya tundu (tundu la kupitishia mwanga). Miaka yote imekaa kwenye kamera yake ya mkanda, Nikon FM. Mwaka huu shata ya FM, kile kipazia kinachofunguka na kufunga ukipiga, ikagoma kabisa. Jamaa mmoja wa Dar akasema anayo FM2. Nikamuuliza mara mbili, tena kwa maandishi: lenzi ya zamani itaingia? Akajibu, "Mkuu, ni FM ileile, mdomo wa lenzi haujabadilika tangu 1959." Nikatuma hela, mzigo ukaja na basi.

Hapo kwenye 1959 hakudanganya, na ndipo panaponiuma, maana alinipa nusu ya habari.

Kwenye FM ya 1977 kuna kidole kidogo pembeni ya mdomo wa lenzi. Lenzi mpya hukisukuma, na hivyo mita ya mwanga inajua umefungua tundu kiasi gani. Ukiwa na lenzi ya zamani unakikunja, inaingia bila shida. Unapima mwanga kwa kufunga tundu, mambo yanaenda. FM2 ilipotoka 1982 kidole kikabaki, ila hakikunjiki tena. Pete ya lenzi ya zamani haina mkato wa kukipisha, kwa hiyo inakigonga.

Mimi nililijulia hilo ufukweni Kibirizi, asubuhi na mapema, akina mama wanaanika dagaa, jua ndio linapanda nyuma yetu na ziwa limetulia. Nikaweka lenzi, ikakwama nusu ya mzunguko. Nikaongeza nguvu kidogo nikidhani ni ugumu wa kamera iliyolala muda mrefu. Tik! Sauti ndogo sana. Tangu hapo kidole kimepinda, na mita inaonyesha alama ya kutoa, yaani mwanga hautoshi, hata nikiielekeza juani. Asubuhi ile sikupiga hata fremu moja.

Nilipompigia, jibu lake: "Ungesoma kwanza kabla ya kununua." Kaka, nilikuuliza wewe! Wewe ndiye unayeuza, wewe ndiye uliyeishika mkononi!

Na wale mtakaokuja kusema FM2 ni bora zaidi, najua. Shata yake inafika 1/4000 ya sekunde wakati FM inaishia 1/1000, na flashi inakubali 1/200 badala ya 1/125. Sikatai. Lakini ubora huo unanisaidia nini kama lenzi niliyonayo haikai? Msiniambie pia kwamba kidole cha kukunja ni teknolojia iliyopitwa: Nikon FM3A ya 2001 haikukirudisha, lakini Nikon Df ya 2013, ambayo ni dijitali, inacho na kinakunjika. Kumbe kinawezekana.

Ninachotaka kwa wauzaji ni sentensi moja kwenye tangazo: "Lenzi za kabla ya 1977 haziingii mpaka pete ikatwe." Haigharimu kitu. Sisi wa huku kamera inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla hatujaishika, hatuna duka la kwenda kuijaribu.

Na kama kuna mdau anayemjua fundi, awe Tabora au Mwanza, mwenye mkono wa kunyoosha hicho kidole na kuichonga pete ya lenzi bila kuiharibu, aniwekee hapa hapa anafanyia wapi na anatoza kiasi gani. Lenzi nitaipeleka mwenyewe, kwenye basi siipakii tena.