Naomba ushauri: fangasi bafuni, tena Dodoma hii hii

Wakuu, habari za leo. Nimepanga Nkuhungu, nyumba mpya, ila bafu limeota fangasi weusi kwenye dari ya gipsam na katikati ya vigae. Dodoma hii ya vumbi na midomo kupasuka, unyevu unatoka wapi? Kidirisha chenyewe ni saizi ya daftari, na baridi ya Julai hii tunaoga maji ya moto hadi ukuta unatoka jasho.

Nimesugua na jiki mara tatu. Vigae vinatakata, ila darini madoa yanarudi palepale. Jirani kasema nichanganye jiki na siki. Nimekataa, ule mchanganyiko unatoa gesi ya sumu. Fundi anataka kupaka rangi juu yake, naona ni kuficha tu. Nitoboe tundu la feni, au nibandue gipsam niweke dari ya plastiki? Mwenye nyumba hataki kusikia habari za gharama.