Bukavu: ni nani aliuza avenyu zetu za Nyamugo??

Bandugu ba Bukavu, benye muko ndani ya muji na benye muko mbali kama vile mimi nilikuwa, naandika hii na kasirani na naomba muache nimalize kwanza.

Nimerudi kwetu Nyamugo, mutaa moja ya Kadutu hapa Bukavu, Kongo, wiki hii, ni miaka mingi sijakanyaga pale, nikasema leo sipande pikipiki wala teksi, natembea na miguu toka Place de l'Indépendance mpaka soko ya Kadutu halafu nashukia kwetu, nione muji polepole. Nimeuona. Avenyu, ile njia ya kwetu, haiko tena. Sisemi imeharibika, sisemi iko na mashimo, hayo tumezoea, nasema HAIKO, imeliwa, batu banalala juu yake.

Ile yetu ilikuwaka inapitisha jipu. Papa mukubwa alikuwaka na Land Rover ya kazi, anaiteremusha mpaka mbele ya mulango, na sisi batoto tunaendelea kupiga mupira pembeni bila kusumbuliwa. Leo fasi ileile nimepita bega moja mbele, lingine nyuma. Upande moja ukuta ya matofali, upande mwingine mbao na mabati yenye kutu, misumari imetokeza nje, moja ilipasua shati ya mutoto mwenye alikuwa ananionyesha njia. Eh, kwetu penye nilizaliwa nimehitaji mutoto anionyeshe njia, kwa sababu penye tulikuwa tunapita sasa ni jiko ya mutu, na penye ilikuwa jiko ya jirani sasa ni etaji (gorofa).

Kanivo (mufereji) ya mawe, ile yenye bazee balikuwa banasema ni ya tangu wakati ya Wabelgiji, mutu amejenga choo juu yake! Bomba inatoka chini ya ubao inaingia mule mule, uchafu unashuka kwa bajirani ba chini na mwisho wake ni ziwa Kivu, na sisi wote tunajua batu benye banachota maji ya ziwa na bidoni (madumu). Muji wetu ni vilima vya udongo ya kuteleza, mvua inaanza mwezi wa 9 inaenda mpaka wa 5, sasa ukifunga kanivo maji ipite wapi? Inapita ndani ya nyumba za batu usiku, kisha tunaanza kuchimba matope tukitafuta batoto na tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakusaini karatasi ya ile parseli (kiwanja)!

Najua mutaniambia ni vita. Ni kweli, 1996, kisha 1998, batu batoka Bunyakiri, Shabunda, Mwenga, Walungu, bakuja na batoto kwa mugongo, na mutu mwenye amekimbia kifo lazima apate fasi ya kulala, mimi siwezi kumulaumu hata siku moja. Lakini mukimbizi hana dola za kununua kipande cha avenyu na kupewa karatasi yenye tampo (muhuri). Pale kwetu benye bamejenga katikati ya njia si bakimbizi, ni batu benye feza, benye banajua mulango gani ya biro bapige hodi. Nyumba moja bado inaonekana chini ya rangi mupya ile maandishi nyekundu ya «Travaux arrêtés» (kazi imesimamishwa). Juu ya hayo maandishi bameongeza etaji ya pili. Nani alikuja kusimamisha kazi, na nani alirudi kuiruhusu, na kwa ngapi?

Sheria ya udongo ya Kongo iko wazi, ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973: udongo ni wa Leta (Serikali), na artikle (kifungu) 55 inasema udongo wenye ni wa matumizi ya watu wote haupewi mutu binafsi kama haujaondolewa kwanza katika hayo matumizi kwa utaratibu. Avenyu ni ya matumizi ya watu wote au hapana? Basi yule mwenye alipima pale na ruban yake ya kupimia, akatia borne (alama ya mupaka), akapiga tampo, alijua kabisa.

Na sisi bakaaji tuache kujifanya safi, kila mwaka mutu anasogeza lupango (uzio) kidogo, jirani akiona naye anasogeza yake, mpaka njia inakufa.

Mama mmoja jirani wa nyuma ameniambia vile nyumba yao iliungua na za pembeni. Mbabula (jiko ya makaa) iliangushwa usiku, nyumba za mbao zimeshikana, moto hauulizi. Kamyo ya kuzima moto ilikuja, haikukosa! Ilisimama kule juu kwa barabara kubwa na mupira ya maji haikufika hata nusu, vijana bakakamata shoka bakabomoa nyumba za bajirani zenye zilikuwa bado nzima ili moto usivuke. Ule mama aliniambia hii akiwa amekaa juu ya bidoni, hakulia. Mimi ndiye nililia.

Na muzee wa pale mbele, mwenye alitufundisha wote kusoma, siku ya kumutoa kwenda kuzikwa, sanduku lilikataa kupita kwa ile kona. Balilisimamisha wima. Muke wake anaangalia, sanduku imesimama na mutu ndani, vijana banaisukuma polepole isikwaruze ukuta ya mutu. Mwili wa binadamu!

Kiangazi inakuja na nyumba za mbao zinakauka. Sitaki pole zenu hapa, nataka karatasi. Mwenye iko na fishi parselere (karatasi ya kiwanja) au pla (ramani) ya zamani ya Nyamugo, ao ya mitaa mingine ya Kadutu, Kasali ao Mosala, ya kabla ya 1996, atoe picha atume, hata kama imepasuka, hata kama ni ya marehemu koko (babu) yake. Tupime avenyu moja moja na ruban, tuandike ilikuwa na meta ngapi na leo ni ngapi, na pembeni tuandike namba ya kila parseli yenye imeingia ndani. Yetu nitapima mimi mwenyewe siku ya posho (Jumamosi), mwenye anaweza kushika upande mwingine wa ruban aniandikie.