Naomba ushauri: paa jipya, jiko jipya, na kodi ya kuuza nyumba yangu ya Dayton

Mwenye uzi (Lubumbashi): Ndugu zangu, nina nyumba Dayton, jimbo la Ohio, niliyoinunua kwa dola 90,000, na sasa mnunuzi anatoa 240,000. Niliezeka paa jipya kwa dola 11,000, nikajenga jiko upya kwa 18,000, na rangi nilipaka mara kadhaa. Je, gharama hizi zitapunguza kodi ya Marekani? Sipati usingizi.

Baba Furaha (Goma): Yangu ilimezwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002. Shukuru kwamba una cha kuuza.

Mama Neema: Pole, Baba Furaha, ila ameuliza jingine. Paa na jiko huongezwa kwenye bei ya kununulia, hivyo faida inayotozwa kodi hupungua. Kupaka rangi na kuziba bomba ni matengenezo ya kawaida, hayahesabiwi. Lakini aliyemiliki nyumba na kuishi humo miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza husamehewa faida hadi dola 250,000, nayo yako haifiki huko. Uliishi humo hadi lini?

Mwenye uzi: Niliishi humo kwa amani kabisa.

Mama Neema: Papa, nimeuliza hadi lini.

Mwenye uzi: Nilirudi nyumbani miaka minne iliyopita, nikaweka wapangaji. Hata hivyo masanduku yangu yamo humo, kwa hiyo nahesabu kwamba bado ninaishi huko. Na mkataba wa kuuza nimekwisha kuusaini.

Fundi wa Katuba: Basi mimi ninaishi Kolwezi, maana baiskeli yangu iko kwa shemeji.

Mama Neema: Msamaha umekupita, na ndiyo sababu risiti zako zina uzito. Tena, uchakavu wa miaka ya kupangisha, yaani thamani ambayo nyumba huhesabiwa kupoteza kila mwaka, hutolewa kwenye gharama yako hata kama hukuudai, na faida itokanayo nao hutozwa hadi asilimia 25.

Shahidi (Bukavu): Mwezi uliopita mtu huyu aliuliza bei ya mabati ya chumba kimoja, leo ana nyumba Ohio. Hadithi hii imetungwa.

Mwenye uzi: Mabati yalikuwa ya mama mkwe. Risiti ya paa iko mezani hapa, ina doa la mawese, na wino umefifia hata tarakimu ya mwisho siioni. Ya jiko sina. Fundi alikuwa rafiki, nikamlipa taslimu.

Fundi wa Katuba: Shahidi, mtunzi angejitungia risiti zote mbili.

Mama Neema: Piga picha ya hiyo moja usiku huu huu, kisha mwandikie rafiki yako akuthibitishie kwa maandishi kazi aliyoifanya, tarehe na kiasi alichopokea.