Naomba ushauri: sakafu ya mpira kwa bafu la nyumbani

Ndugu wanachama, ninaomba ushauri kuhusu sakafu ya mpira kwa bafu letu hapa Umoja, Nairobi, ambalo vigae vyake huteleza mno povu la sabuni likimwagika, ilhali mama mkwe, ambaye magoti humsumbua, hulitumia kila asubuhi.

Mafundi wawili wamenipa majibu yanayopingana. Mmoja anapendekeza vipande vya chembechembe za matairi makuukuu vinavyoshikana kwa meno, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Nami nasita, kwa sababu mpira huo una vitundu vinavyofyonza maji, na maji yakituama chini yake kuvu huota na harufu haiishi. Mwingine anataka mpira mzito wa kipande kimoja, usiopitisha maji, ubandikwe kwa gundi na kupandishwa kidogo ukutani. Hilo naliona la busara zaidi, ila je, unaweza kubandikwa juu ya vigae, au ni lazima ving'olewe na mteremko wa kuelekea kwenye shimo la maji urekebishwe kwanza?

Kuhusu usafi, najua kwamba mafuta, petroli na dawa kali za klorini huharibu mpira, na kwamba sabuni isiyo kali yatosha. Kinachonitatiza ni vile vinundu vya juu: huzuia kuteleza, lakini hunasa utando wa sabuni, hasa siku za mgao wa maji ambapo tunasuuza kwa kopo. Mlio navyo mnavisugua kwa brashi ya aina gani, na baada ya muda gani?