Nakuru ina mataji mangapi ya ligi ya taifa: mawili au sita?

Mwana wa Bondeni:
Wadau, naandaa bango la historia ya soka ya Nakuru kwa maonyesho ya vijana mtaani. Kuna wanaosema jiji hili limetwaa ligi mara mbili, wengine mara sita. Halafu misimamo ya zamani ya ligi niliyonakili magazetini, pointi zake hazijumliki. Nikague vipi?

Lanet Juu:
Kinacholeta tofauti ni Ulinzi Stars. Nakuru All-Stars ndiyo bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa, 1963, mwaka ule ule wa uhuru, na ikarudia 1969. Katikati hapo walipita Luo Union (1964), Feisal ya Mombasa (1965), Abaluhya (1966 na 1967) na Gor Mahia (1968), waliobeba kombe mwaka ule ule walioundwa. Kwa hiyo taji la 1969 lina uzito wake, maana vigogo wote wawili, Abaluhya na Gor Mahia, walikuwa wameshajitokeza.

Ulinzi ilichukua 2003, 2004, 2005 na 2010. Ni klabu ya jeshi, iliyoundwa 1995 kwa kuunganisha timu za wanajeshi, na uwanja wa Afraha hapa Nakuru ukawa nyumbani kwake. Mimi ningeandika safu mbili, All-Stars 2 na Ulinzi 4. Ukiandika "Nakuru 6" unawanyang'anya wa 1963 sifa yao.

Jihadhari pia na jina. Nakuru AllStars iliyocheza Ligi Kuu 2015, msimu ambao Ulinzi nao walikuwemo, ni jina lililofufuliwa. Usichore mstari mmoja kutoka 1963 hadi 2015 kana kwamba klabu haikuwahi kukatika.

Kondele Mkongwe:
Majina huvuruga hata huku Kisumu. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union, yote 1980. Kenya Breweries nayo ndiyo Tusker ya leo. Tumia jina la msimu husika, kisha jina la baadaye uliweke kwenye mabano mara moja tu.

Kuhusu hesabu: msimamo wa miaka ya sitini unasomwa kwa pointi 2 za ushindi. Ukiweka 3 kama siku hizi, hata bingwa anaweza kubadilika. Ligi ya timu 10, nyumbani na ugenini, ina mechi 90, hivyo pointi zote zikijumlishwa ziwe 180. Jumla ya walioshinda ilingane na ya walioshindwa, jumla ya sare igawanyike kwa mbili, na mabao ya kufunga yalingane na ya kufungwa.

Mabao yakikataa ilhali pointi zimekubali, shuku alama za bwerere: timu haikufika uwanjani, mpinzani akapewa ushindi, na mabao yakaandikwa upande mmoja tu.

Mwana wa Bondeni:
Asanteni sana. Msimamo mmoja wa timu 10 unanipa 178.

Kondele Mkongwe:
Angalia safu ya mechi zilizochezwa. Timu mbili zikiwa na 17 badala ya 18, basi ni mechi yao haikuingizwa: iliahirishwa, ilivunjika, au mhariri alichapa msimamo kabla matokeo hayajafika. Mechi za wikendi tafuta gazeti la Jumatatu, kisha Jumanne, kwa sababu matokeo ya nje ya Nairobi yalichelewa. Mechi za viporo zilichezwa hata katikati ya juma, kwa hiyo usiruke Alhamisi. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ina magazeti ya zamani.

Zote zikiwa na 18, kosa ni la kunakili au la mpiga chapa. Pitia kila mstari: ushindi mara 2, jumlisha sare, upate pointi. 3 na 8 ndizo hufanana zaidi kwenye karatasi iliyofifia.

Lanet Juu:
Na kila msimamo uuandikie tarehe ya gazeti, siyo mwaka peke yake. Wa Septemba ukichukuliwa kuwa wa mwisho, bango litampa kombe aliyekuwa akiongoza tu.