Kampuni ya simu inazima matukio ya mfumo kimyakimya, na lawama zinatuangukia waandishi wa programu

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa hasira, na sitaitaja kampuni ninayoilalamikia, ingawa simu zake zimejaa Kariakoo na mawakala wengi wa pesa wanazitumia kwa sababu ya bei.

Kwa wasiofahamu, programu ya Android haihitaji kukesha ikichungulia kinachoendelea kwenye simu. Inajiandikisha kwenye mfumo endeshi kwamba tukio fulani likitokea, kwa mfano simu ikimaliza kuwaka au ujumbe mfupi ukiingia, basi iamshwe. Tukio likitokea mfumo unalitangaza, na programu iliyojiandikisha inaamka na kufanya kazi yake hata kama mwenye simu hajaigusa.

Programu yangu ni daftari la wakala. Ujumbe wa muamala ukiingia, inaandika kiasi na salio la floti, yaani pesa ya kwenye simu ambayo wakala huitumia kuwawekea wateja, na floti ikishuka chini ya kiwango alichoweka mwenye kibanda, inampigia kengele. Umeme ukikatika na simu ikazimika, wakala akiiwasha tena programu inatakiwa ipokee tangazo la BOOT_COMPLETED, yaani la simu kumaliza kuwaka, ili ipange upya kengele ya kufunga hesabu ya jioni, kwa kuwa Android hufuta kengele zote zilizopangwa pindi simu inapozimwa. Kwenye simu za kampuni nyingine yote haya yanafanyika. Kwenye simu za hawa hakuna tangazo hata moja linaloifikia programu, kwa sababu wameweka swichi yao ya kuruhusu programu kujiwasha, wakaificha ndani ya mipangilio ya betri, na wakaiacha imezimwa tangu kiwandani.

Najua kuna atakayesema kwamba Google wenyewe wameweka vizuizi. Ni kweli, na sina ugomvi navyo. Android 7.0 ya mwaka 2016 iliondoa uwezo wa kuamshwa na mabadiliko ya mtandao kwa kujiandikisha tu kwenye faili la maelezo ya programu, na Android 8.0 ya mwaka 2017 ikafunga mengi yaliyobaki kati ya matangazo ya jumla, yaani yasiyolenga programu moja maalumu. Sababu ilieleweka: simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda kwenye bando, programu nyingi zilikuwa zinaamka kwa pamoja, zinagombania kumbukumbu na kula betri. Lakini vizuizi hivyo viliandikwa hadharani, njia mbadala zikatolewa, JobScheduler, yaani mpangaji wa kazi wa mfumo wenyewe, ikiwa imekuwepo tangu Android 5.0, na ikabaki orodha ya matangazo yasiyoguswa. Tangazo la simu kumaliza kuwaka limo katika orodha hiyo, na la ujumbe mfupi kuingia limo pia. Hawa jamaa wamekata yaleyale ambayo mwenye mfumo aliyaacha kwa makusudi, na hawakumwambia mtu.

Tena programu haina njia rasmi ya kuuliza kama swichi hiyo imewashwa au la, kwa hiyo siwezi hata kumwonya mteja kwa uhakika. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba nilipofungua orodha ya swichi hizo kwenye simu mpya, programu moja kubwa ya kutumiana ujumbe ilikuwa tayari imeruhusiwa. Kumbe wanajua kabisa kwamba kizuizi chao kinaharibu kazi, ndiyo maana wakubwa wamesamehewa.

Jambo hili linaumiza watu. Mama mmoja mwenye kibanda Manzese alinipigia akaniambia, "Mwanangu, hiyo kengele yako imelala, nimerudisha wateja wa kuweka pesa mchana kutwa, floti imeisha na mimi sina habari." Msinijibu kwamba ujumbe unabaki kwenye simu, najua, na programu huusoma wote ikifunguliwa. Onyo la floti linalofika jioni halimsaidii mtu aliyekwisha kupoteza wateja mchana.

Nilipopeleka malalamiko kwa huduma kwa wateja wao hapa mjini, niliambiwa programu yangu ni mbovu na nimshauri mteja asafishe kumbukumbu ya simu. Ukiwasha ile swichi, programu hiyohiyo, bila kubadilishwa hata herufi moja, inafanya kazi ipasavyo.

Ninachodai ni kwamba simu imuulize mwenye nayo waziwazi, kama inavyomuuliza kuhusu kamera, na kila inapozuia tukio lisiifikie programu, imwoneshe kwamba imezuia. Mwenye mawasiliano na wahandisi wao, siyo watu wa mauzo, naomba aniandikie faraghani. Na waandishi wenzangu, wekeni hapa matoleo ya simu ambayo mmeona tabia hii na tukio lililozuiwa, ili tupeleke malalamiko ya pamoja.