Projekti menejimenti kama digrii ya kwanza, niisome sasa au nisubiri masta?

mwana_HGE

Wakuu shikamooni, na rika langu habari za muda huu. Nimemaliza form six mwaka huu, HGE (historia, jiografia na uchumi), nina division two. Dirisha la kuomba vyuo linakaribia na nyumbani hatujaelewana. Mimi nataka kusoma mipango na usimamizi wa miradi, mzee anataka uhasibu. Hoja yake ni kwamba uhasibu una bodi, una cheti cha CPA, mtu akikuona anajua we ni nani, sasa hiyo miradi yako bodi yake iko wapi? Sijapata la kumjibu mpaka leo.

Sifuati mkumbo. Kijijini kwetu tulichimbiwa kisima kizuri tu, kilipoharibika hakukuwa na spea wala mtu aliyefundishwa kuitengeneza ile pampu, kina mama wakarudi mtoni. Nikawa najiuliza hivi aliyekaa mezani akapanga hili alikuwa anawaza nini, na ndo nikaanza kufuatilia hii fani. Walioisoma au wanaofanya kazi huko nisaidieni, ajira zake zinakuwaje, na je nichukue sasa au nisome kitu kingine kwanza halafu hii nije nayo masta?

mtu_wa_ratiba

Marhaba dogo. Swali la mzee wako ndo lenyewe, usilikimbie. Mhasibu ana bodi ya NBAA, injinia ana bodi ya ERB, huwezi kujiingiza tu kwenye kazi zao. Kwenye miradi hakuna kizuizi cha namna hiyo, ndo maana ukienda saiti kubwa meneja wa mradi utakuta ni injinia, mradi wa malaria anausimamia daktari au mtu wa afya ya jamii, wa kilimo anausimamia mtu aliyetoka chuo cha kilimo SUA. Hao ndo utakaoshindana nao, na wenzio wana fani mkononi, usimamizi wameukuta kazini. Ukitoka chuo una usimamizi peke yake bila sekta unayoijua utahangaika sana, nakwambia kwa sababu CV za vijana wa hivi nazisoma kila mara na wengi wana akili nzuri tu.

Halafu hakuna mtu atakayekupa mradi uusimamie mwaka wa kwanza. Mimi niko kwenye ujenzi, kazi yangu ni ratiba. Kijana anayeijua Primavera P6, programu ya kupanga ratiba, anapata pa kuanzia, anakusanya taarifa za saiti, anaingiza asilimia ya kazi iliyofanyika, anaonyesha tumechelewa wapi na huko kuchelewa kunasukuma nini mbele. Chukua darasa la kawaida, kuna msingi, kuta, lenta, kenchi, bati, plasta, sakafu, madawati. Madawati yakichelewa wiki moja huko kwa fundi darasa haliumii, plasta bado inaendelea. Mbao za kenchi zikichelewa wiki moja jengo zima limechelewa wiki moja, maana bati halipandi, na bila bati ndani hupamalizii. Huo mnyororo ndo tunauita kritiko pathi, na mtu mzuri wa ratiba anaagiza mbao wakati kuta bado ziko kozi ya tatu. Sasa hesabu hiyo hiyo ipeleke kwenye bomba la mafuta la Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, au Bwawa la Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Ndo utaelewa kwa nini kuna watu wanakula mshahara kwa ratiba tu.

Ushauri wangu soma, ila chagua sekta kabla hujamaliza mwaka wa kwanza.

dada_wa_viashiria

Mdogo wangu karibu, mi hii kozi ndo niliyosoma digrii ya kwanza na sijutii. Nakubaliana na kaka hapo juu kuhusu sekta ila asikutishe sana, upande wa mashirika mlango wetu wa kuingilia upo na ni ufuatiliaji na tathmini, ile mnayoisikia M&E. Huko anayetoka kwenye kozi yetu anakuwa mbele ya wengi maana logiframu (lile jedwali la mpango wa mradi), viashiria (vipimo vya kuonyesha mradi umefika wapi) na bajeti ya mradi ameshavisoma miaka mitatu wakati mwenzie anafundishwa wiki moja hotelini.

Na kisima chenu naweza kukwambia kilifia wapi. Logiframu ina safu ya pembeni kabisa, ile ya mambo tunayochukulia kwamba yatakuwepo ili mradi ufanikiwe, watu huwa wanaijaza haraka haraka usiku wa kuamkia siku ya kutuma andiko. Mtu anaandika jamii itatunza pampu, anasonga mbele. Nani atatunza, kwa hela ya nani, spea zinauzwa mji gani, hakuna aliyeuliza. Ukiiona hiyo kabla hujaingia chuo basi we una jicho la hii kazi, na hilo jicho ndo linalotafutwa, wengi wanajua kuandika tumefundisha watu 200 wakaita hayo ni matokeo. Hayo ni mazao tu, matokeo ni wangapi kati yao kitu kimebadilika maishani mwao.

Ila kuna kitu lazima ukijue usije ukalaumu mtu. Hizi kazi ni za mikataba na zinafuata hela ya mfadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kuna watu wenye uzoefu mkubwa kwenye miradi ya afya walibaki bila kazi ndani ya muda mfupi sana, na wengi hawakuwa na ujuzi wa kuhamia nao pengine. Ndo maana nasisitiza takwimu. Jifunze Excel mpaka iingie damuni, KoboToolbox ya kukusanyia deta ni bure, za kuchambua takwimu kama Stata au SPSS uwe na moja unayoiweza kweli, maana deta inatakiwa benki, serikalini, kampuni za simu, popote.

mipango_halmashauri

Nitaongelea serikalini tu. Usichague kozi kwa kupenda jina lake. Ingia kwenye portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya zamani ya afisa mipango, mchumi, afisa maendeleo ya jamii, soma kipengele cha sifa za mwombaji neno kwa neno halafu linganisha na jina la digrii unayotaka kuomba. Mzumbe wana digrii ya uchumi yenye mchepuo wa mipango na usimamizi wa miradi, yaani cheti kinakutambulisha kwenye uchumi pia, kwa HGE yako mi ningeanza hapo. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wana ile ya miradi iliyounganishwa na maendeleo ya jamii. Chuo cha Mipango Dodoma kinatazama zaidi mipango ya vijijini na kina kampasi Mwanza. Vigezo vya kila kozi viangalie kwenye kitabu cha TCU (tume ya vyuo vikuu) cha mwaka wako, sio cha kaka yako.

Kazi yenyewe huku ipo na ni nzito. Mwaka 2021 zilikuja zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO (korona), madarasa 15,000 nchi nzima, mengi kwa fosi akaunti yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kutafuta fundi, na muda ulikuwa mfupi. Hapo ndo unaona faida ya mtu aliyesoma kupanga manunuzi, wilaya nzima inagombania saruji na bati wiki ile ile na bei inapanda mbele ya macho yako. Siku hizi manunuzi ya serikali yanapita NeST, mfumo wa mtandaoni, ukiweza kuifahamu ukiwa fildi (mafunzo kwa vitendo) utapendwa.

mwana_HGE

Asanteni sana, nimemsomea mzee yote, amesema hiyo ya uchumi anaweza kuielewa ila bado ananiuliza kuhusu bodi. Hizi PMP nazosikia za watu wa miradi ndo bodi yenyewe?

mtu_wa_ratiba

Sio bodi ya nchi, PMP ni cheti cha usimamizi wa miradi cha PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1969. Kinaheshimika kwenye kampuni za nje ila huwezi kukifanya sasa, mwenye digrii wanamtaka awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na masaa 35 ya mafunzo. Na digrii sio lazima iwe ya miradi, hata mhasibu anafanya, mwambie mzee hilo. Wewe unayoiweza ni CAPM, cheti chao cha wanaoanza, inataka elimu ya sekondari na masaa 23 ya mafunzo, mtihani maswali 150. Ifanye mwaka wa tatu ukishaelewa mambo, ada yake ni dola kwa hiyo usiiwazie kwa bumu (hela ya mkopo) la mwaka wa kwanza.

dada_wa_viashiria

Na fildi usiende ofisi ya karibu na nyumbani kwa sababu kuna ndugu. Omba RUWASA wilayani kwenu, ndo wanaoshughulika na maji vijijini, uone visima vinavyopangwa na vinavyotunzwa. Barua peleka mapema, nafasi zinajaa.